Kura nyingi, viti vichache: mipaka ya uchaguzi Wisconsin, 2018 hadi 2024

Novemba 2018, wagombea wa Democrats walipata takribani asilimia 53 ya kura zote za Baraza la Wawakilishi la jimbo la Wisconsin, Marekani. Wakaambulia viti 36 kati ya 99. Republicans, walioachwa nyuma kwa kura, wakabaki na viti 63. Kura hazikuibwa. Mipaka ya maeneo bunge, iliyochorwa mwaka 2011, ndiyo iliyoleta matokeo hayo.

Asilimia 53 hiyo isinukuliwe bila maelezo. Democrats waliopita bila kupingwa mwaka ule walikuwa wengi kuliko Republicans, na hilo lilikuza hesabu yao. Tena wafuasi wao wamejazana katika miji ya Milwaukee na Madison, kwa hiyo hata mchoraji asiyependelea upande wowote angewapa viti pungufu kidogo. Hata hivyo, pengo la viti 27 ni kubwa mno kuelezwa na makazi ya watu peke yake.

Ramani za 2011 ziliandaliwa katika ofisi ya mawakili mjini Madison. Wabunge wa Republicans walionyeshwa maeneo yao baada ya kutia saini ahadi ya kutunza siri, jambo ambalo sisi tunaofundisha elimu ya uraia hatuwezi kulinyamazia. Mbinu huwa mbili: kuwarundika wapinzani katika maeneo machache washinde huko kwa kura za kumwaga, na waliobaki kuwatawanya wasifikie wingi popote. Sheboygan, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, ulipatwa na hiyo ya pili. Ulikatwa vipande viwili, kila kipande kikaunganishwa na vijiji vyenye Republicans wengi. Kwa zaidi ya miaka kumi mji huo ukawakilishwa na Republicans pande zote mbili.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka juu ya upendeleo wa kichama katika mipaka. Zikabaki mahakama za majimbo. Tarehe 22 Desemba 2023, Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilifuta ramani zilizokuwa zikitumika, majaji 4 kwa 3, lakini kwa hoja nyingine kabisa: Katiba ya jimbo inataka kila eneo bunge liwe ardhi iliyoungana, ilhali zaidi ya nusu ya maeneo 99 yalikuwa na vipande vilivyotengana, vimezingirwa na eneo bunge jingine.

Gavana Tony Evers, wa Democrats, alitia saini ramani mpya Februari 2024. Alizipendekeza yeye, zikapitishwa na bunge lenye Republicans wengi. Novemba hiyo Republicans walishinda viti 54, Democrats 45. Sheboygan, sasa ikiwa eneo moja, ilimchagua Democrat. Wapo waliosikitika kwamba uongozi wa baraza haukubadilika, lakini ramani ya haki haimwahidi mtu ushindi. Humlazimu kila mgombea kuomba kura.

Ramani hizo mpya ziligusa pia Seneti ya jimbo. Ina viti 33, na mwaka 2024 vilipigiwa kura vile vya namba shufwa tu. Vya namba witiri vilipangiwa Novemba 2026. Ndugu zetu wa Milwaukee na Madison waliokwisha kupata uraia, msitegemee namba ya eneo mliyoizoea. Ingieni tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Wisconsin, andikeni anwani ya nyumbani, na mtaona mko eneo lipi.