Je, wajua kwa nini GPS ya baiskeli inakwambia geuza na wewe uko njiani kabisa?

Uko kilomita ya 140, barabara ni moja tu, hakuna hata kichochoro cha kupotelea, halafu kidude kwenye usukani pii pii! umetoka njiani, geuza. Unasimama, unakitazama, unaitazama barabara, unaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Kumbe kile kidude barabara hakiioni. Kinachopata ni nukta tu, inayofuata nukta nyingine, basi. Setelaiti ziko juu huko kama kilomita 20,200, kila moja inatangaza saa yake, kidude kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika na kinahitaji angalau setelaiti 4 ndo kijue kiko wapi. Sasa mawimbi yanakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani hesabu ya muda ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde tayari umerushwa mita 300. Mahali pa wazi simu ya kawaida inakosea kama mita 5 hivi, si mbaya, ila ukipita katikati ya maghorofa au chini ya jabali mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yakufikie, yamezunguka, na kidude kinakuweka mtaa wa pili.

Lakini ile ya “geuza” mara nyingi wala sio kosa la setelaiti. Angalia njia uliyochora na kuiweka kwenye kidude kabla ya safari, utakuta unaenda na kurudi kwa barabara ile ile, au inajikata katikati kama namba 8. Nukta za kwenda na za kurudi zimelaliana, kidude kinaokota isiyo yake, kinadhani uko kwenye kipande cha kurudi ila unakwenda kinyume, ndo kelele zinaanza. Dawa yangu ni kukata safari mafaili mawili, la kwenda na la kurudi. Na zima ile setingi ya kutafuta njia upya, hiyo ndo mbaya kuliko zote, maana ukikosa kona moja tu inaweza kuitupa njia yako uliyoihangaikia na kukupitisha kwenye lami ya malori.

Halafu lile zogo la mwisho wa safari, mmeendesha pamoja mwanzo mwisho, wewe una kilomita 201 mwenzako 198. Ni nukta tena. Kuna vifaa vinarekodi kila sekunde na kuna vinavyoruka ruka ili kubana nafasi, na ukiwa spidi ya 30 unasogea zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo kwenye kona za mlimani nukta zikiwa chache mstari unakata kona na mita zinapotea. Ukisimama kula nako nukta zinacheza cheza pale pale na mita zinaongezeka, usipokuwa umewasha “auto-pause”, yaani kidude kuacha chenyewe kuhesabu ukisimama, ambako nako kwenye mwinuko mkali ukipanda polepole sana kinadhani umesimama kinaacha kuhesabu, na wewe unatoka jasho bure!

Kihisi cha gurudumu (sensor) kiko vizuri zaidi kwa umbali kwa sababu kinahesabu mizunguko, ila pima mzunguko wa tairi mwenyewe. Tairi nyembamba ya kawaida ni kama mita 2.1, ukikosea sentimita 1 tu, kwa safari ya kilomita 200 umekosea karibu kilomita nzima.

Kimo ndo usiseme. Vifaa vingi vinakipima kwa mgandamizo wa hewa kupitia kitundu kidogo, kikiziba kwa maji ya mvua au jasho namba zinakuwa za ajabu. Na hata kikiwa kisafi, hali ya hewa ikiharibika mgandamizo unashuka, kidude kinaelewa umepanda. Niliwahi kujikinga mvua kwenye kibanda, nimekaa kabisa, na kimo kinapanda taratibu mita kwa mita.