Damu kabla ya dawa: namna vinasaba vya bakteria vinavyofichua mlipuko wa homa ya matumbo

Asubuhi yangu maabara, hapa Tanga, huanza kwa kutazama mirija ya kioo iliyolala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Ndani ya kila mrija mna ute mgumu mwekundu uliogandishwa kwa mshazari, ambao ndio chakula cha bakteria. Bakteria wa homa ya matumbo, yaani Salmonella Typhi, anapoota humo, sehemu ya chini hugeuka njano, mshazari wa juu hubaki mwekundu, na pale zinapokutana rangi hizo mbili hutokea mstari mwembamba mweusi, mfano wa masharubu ya kijana anayebalehe. Weusi huo hutokana na gesi ya salfa ambayo bakteria huitoa kwa kiasi kidogo sana, ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye ute. Ndugu zake wengi wa jamii ya Salmonella huutia weusi karibu mrija mzima, kwa hiyo uchache huo wa weusi ndio unaonifanya nisogeze mrija karibu na dirisha na kuutazama tena.

Vipimo vya uthibitisho vikikamilika, daktari anajua mgonjwa wake anaugua nini. Lakini afisa afya wa kata ana swali jingine, nalo ni zito zaidi: je, mgonjwa huyu wa Makorora na yule wa Mikanjuni wameambukizwa kutoka chanzo kimoja, au ni watu wawili waliougua wiki moja kwa sadfa tu? Mrija hauwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu bakteria wa wote wawili huchora masharubu yaleyale. Jibu limo ndani ya vinasaba.

Jenomu ya Typhi, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ni mfuatano wa herufi takribani milioni 4.8, zikiandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Jenomu yake kamili ya kwanza ilichapishwa mwaka 2001, ikiwa imesomwa kutoka kwa bakteria aliyetoka kwa mgonjwa wa Vietnam, aliyepewa jina la CT18, na mpaka leo wengi wetu humtumia huyo kama kipimo cha kulinganishia wengine. Kila bakteria anapojigawa, hunakili herufi zote hizo, na mara chache sana hukosea moja. Sisi watu wa pwani tuna mfano mzuri wa jambo hili katika nakala za tenzi zilizoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Mnakili mmoja akiruka neno katika ubeti, kila atakayenakili kutoka kwake ataliruka neno hilohilo, na msomaji makini akikuta nakala mbili zenye pengo moja atajua kwamba zina asili moja, hata kama moja ilihifadhiwa Pangani na nyingine Lamu. Nasi hufuatilia makosa ya unakili kwa namna hiyohiyo, kisha tukachora shajara ya nasaba inayoonyesha nani ni ndugu wa nani.

Hapo ndipo penye ugumu ambao napenda ueleweke vizuri, maana nimeona watu wakiisoma shajara hiyo kwa haraka mno. Typhi hubadilika polepole kupita kiasi. Kwa wastani, ukoo mmoja wa bakteria hawa hupata badiliko moja hivi la herufi katika mwaka mmoja au miwili, kati ya herufi zote hizo milioni 4.8. Tuchukulie kwamba bakteria wa wagonjwa wawili wametofautiana kwa herufi 30. Hapo naweza kusema kwa ujasiri kwamba hawakuambukizana na hawakunywa kutoka kisima kimoja kilichochafuliwa na mtu mmoja mwezi uliopita, kwani koo zao zimeachana miaka mingi nyuma. Sasa tuchukulie kwamba bakteria hao hawakutofautiana hata herufi moja. Wengi hudhani kwamba sasa tumethibitisha maambukizi, ilhali tumethibitisha undugu wa karibu tu. Katika mji ambao ukoo mmoja umeenea, watu wasiojuana kabisa wanaweza kubeba bakteria wanaofanana herufi kwa herufi. Kwa maneno mengine, vinasaba hukanusha kwa nguvu kuliko vinavyothibitisha, na uthibitisho hukamilika pale afisa afya anapokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maji yalichotwa wapi, dumu liliuzwa na nani, na chakula cha shughuli kilipikwa na nani.

Zaidi ya hayo, Typhi anaishi kwa binadamu peke yake, na wachache wanaopona huendelea kumhifadhi kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka, wenyewe wakiwa wazima wa afya. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa chanzo cha wagonjwa wa masika ya mwaka huu na wa miaka mitatu iliyopita, nao bakteria wao wakatofautiana herufi moja au mbili tu. Bila jenomu, nani angewaunganisha wagonjwa waliopishana miaka mitatu?

Lakini hakuna jenomu bila bakteria aliye mkononi. Nilipata kupokea kutoka zahanati moja orodha ya kurasa mbili ya wagonjwa walioandikiwa homa ya matumbo ndani ya majuma machache, baada ya mvua kubwa kuvifurikisha visima na vyoo. Niliombwa nieleze kama ulikuwa mlipuko. Wote walikuwa wamepimwa kwa Widal, kipimo kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hutafuta katika damu kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na maradhi, na wala hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kingamwili hizo huweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani, au kuchokozwa na maradhi mengine, malaria ikiwemo. Hakuna aliyetolewa damu ya kuoteshea bakteria maabara, na karibu wote walikuwa wameshaanza dawa. Sikuwa na cha kusoma. Liliniuma sana jambo lile, kwa sababu yawezekana kweli palikuwa na kisima kimoja chenye madhara, nasi hatukuweza kukinyooshea kidole.

Kuotesha damu nako kuna mipaka yake. Mililita moja ya damu ya mgonjwa mara nyingi huwa na bakteria mmoja tu aliye hai, au pungufu ya hapo, na hata kipimo kikifanywa vizuri huwakosa takribani wagonjwa 4 kati ya 10. Ndiyo maana tunasisitiza mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10 kwa chupa, na atolewe kabla ya kumeza dozi ya kwanza.

Jenomu hiyohiyo hutuonyesha pia usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Ukoo uitwao H58 ulienea kutoka Asia ya Kusini hadi Afrika Mashariki, ukiwa na jeni zinazoshinda dawa za kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Utafiti wa mwaka 2015 uliufuatilia kupitia jenomu zaidi ya 1,800 kutoka nchi 63, na ni ukoo huohuo uliosababisha mlipuko mkubwa wa Blantyre, Malawi, kuanzia mwaka 2011. Huko Sindh, Pakistan, tangu mwishoni mwa mwaka 2016, ukoo huo uliongeza plasmidi, yaani kipande cha duara cha vinasaba vya ziada, kikazifanya dawa za seftriaksoni na siprofloksasini nazo zisifae. Tanga ni mji wa bandari, na basi la Mombasa hupita Horohoro kila siku. Sioni sababu ya kudhani kwamba bakteria wa namna hiyo hawezi kutufikia.

Kuhusu mashine zenyewe sina mengi. Zipo kubwa zinazosoma vipande vifupi kwa usahihi mkubwa, na ipo MinION, inayoenea kiganjani, ambayo hupitisha uzi wa vinasaba kwenye tundu dogo mno na kutambua herufi kwa namna mkondo wa umeme unavyobadilika. Usomaji huchukua siku moja au mbili. Kinachotuchelewesha ni chupa ya damu ambayo haikuletwa.

Bakteria tunaowapata tunawahifadhi kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, kila kichupa kikiwa na tarehe na jina la kata, bila jina la mgonjwa. Masika ijayo mrija mwingine ukichora masharubu, tutautambua ukoo wa bakteria wake na kuulinganisha na hao waliolala humo.