Mtoto anasafiri na timu? Uliza kwanza analala wapi

Alfajiri, kosta inaunguruma nje ya Uwanja wa Mkwakwani. Mtoto mmoja amening'iniza njumu shingoni, mwingine anagombea siti ya dirishani, na mama mmoja anapenyeza noti ya elfu mbili kwa mwanawe, ya maji njiani. Wazazi wanauliza: mechi saa ngapi? Mnarudi lini? Dereva ni nani? Yote ni ya kuulizwa. Ila sisi tunaofanya kazi ya ulinzi wa mtoto hungoja swali jingine, na mara nyingi halitoki: usiku watalala wapi, na ufunguo atashika nani?

Kutoka Tanga hadi Bagamoyo kwa kupitia Segera, Mkata na Msata ni mwendo. Timu kulala huko baada ya mechi ni busara kuliko kumrudisha barabarani usiku dereva aliyechoka. Basi wenyeji wanatoa darasa. Madawati yanasukumwa ukutani, magodoro yanatandikwa chini, taa ni moja, choo kiko ng'ambo ya uwanja gizani. Wa miaka 11 na wa miaka 17 wanalala bega kwa bega, na kocha kajibanza kwenye kona humo humo. Pengine hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Lakini akitokea mmoja, kila kitu ameshaandaliwa.

Kupanga vizuri hakuhitaji hoteli. Wadogo walale na wadogo, wakubwa na wakubwa, maana si kila anayemdhuru mtoto ni mtu mzima; wapo wachezaji wakubwa wanaowaita wachezaji wapya wa timu "kuwatia adabu" usiku. Wasichana wawe na chumba chao na mwanamke wa kuwasimamia. Viongozi huniambia nauli ya matroni haipo. Huwajibu: punguzeni mtu mmoja kwenye benchi la ufundi, mama wa mchezaji apande gari. Wasimamizi wasiwe chini ya wawili, walale chumba cha jirani, wala asiwepo mtu mzima anayelala chumba kimoja na mtoto. Magodoro yakipungua, kinachoazimwa ni godoro. Mtoto hahamishiwi kwa kocha. Chooni waende wawili wawili na tochi. Kocha akiwa na neno na mchezaji, waongelee barazani, watu wakiwaona. Kocha mwema utaratibu huu unamkinga na maneno ya watu, kwa hiyo anayeupinga kwa hasira mimi humtazama mara mbili.

Anayewinda watoto haanzi na nguvu. Huanza na zawadi: jezi, vocha, njumu mpya, lifti ya pikipiki baada ya mazoezi. Kisha huja siri ndogo, "usimwambie mama". Mwisho inakuja namba kikosini: ukisema, hutacheza. Na wavulana wamo. Wazazi wengi wakisikia habari hizi huwaza binti zao tu, na mvulana aliyeumizwa hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Mwambie mwanao kabla hajapanda gari kwamba mtu mzima akimwomba afiche siri, hiyo ndiyo ya kuileta nyumbani kwanza, na kwamba hata akiachwa benchi msimu mzima hutamlaumu.

Klabu ikikusanya simu saa tatu usiku ili watoto walale, sawa. Iwepo lakini simu moja ambayo mtoto anaweza kuitumia saa yoyote bila kueleza sababu. Mzazi naye aandike kwenye karatasi namba zake mbili, na kama mtoto ana pumu, siko seli au kifafa, aeleze dawa na anayeishika. Na huko Bagamoyo bahari iko karibu: baada ya mechi watoto wataikimbilia, wengine hawajui kuogelea. Asiingie majini mtoto ambaye hana mtu mzima anayemwangalia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mshambuliaji wako wa miaka 17 mwenye ndevu ni mtoto. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Vikao vya kumalizana kifamilia, kocha akaomba radhi na kutoa kitu kidogo, vinamwachia njia ya safari ijayo.

Mtoto akirudi, acha ale, asimulie mabao. Baadaye uliza kwa upole: "Usiku mlilala vipi?" Akisema ameingiliwa, msikilize mara moja, usimhoji kama polisi. Hapo asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe wiki hii, aikariri kama anavyokariri namba ya jezi yake.