Hili neno uchokozi tunalichanganya

Juzi kwa muuza kahawa ubishi ukarudi palepale, nani mwenye makosa Ukraine, na mzee mmoja ambaye namheshimu sana maana gazeti analisoma mpaka tanzia, akamaliza kikombe chake akasema, "Mchokozi ni NATO, na Umoja wa Mataifa wenyewe walishasema ile ni vita ya uchokozi, sasa mnabisha nini?" Watu wakaitikia. Mimi nikabaki na kashata mdomoni, kwasababu kwenye pumzi moja mzee kalitumia neno lilelile mara mbili kwa maana mbili ambazo hazikai chumba kimoja, na hakuna aliyeshtuka. Toka 2022 nalisikia hili, leo nimechoka.

Kwa haraka tu. Uchokozi wa mtaani ni kumfanyia mtu vitu vya kumuudhi mpaka apandwe na hasira. Uchokozi wa sheria za kimataifa ni nchi kutumia jeshi dhidi ya mamlaka, ardhi au uhuru wa nchi nyingine. Maana ndo hizo, hazina utata, utata tumejiletea sisi kwa kuzipa jina moja.

Neno lenyewe limetoka kwenye kuchokoa. Unachokoa meno kwa kijiti, huko pwani maji yakishakupwa watu wanachokoa pweza kwenye tundu lake mwambani, na hata chokoraa wa Nairobi ukoo wake ni huohuo, kwa kuchokorachokora majalala. Kumchokoza mtu basi ni kumfanya kama yule pweza, unamdungadunga mpaka atoke. Na angalia, kijiti chenyewe ni kidogo. Mchokozi anaudhi, havunji nyumba. Mtoto akija kwa mama analia "kaka kanichokoza", mama hakimbilii hospitali, anajua ni kusukumana na kutoleana ulimi. Tena mama mwenye uzoefu anajua na la pili, kwamba anayewahi kusema kanichokoza mara nyingi ndo huyohuyo aliyerusha jiwe, anatafuta pa kutokea kabla mwenzie hajafika na nundu yake.

Sasa Walatini walikuwa na maneno mawili. Provocare ni kumwita mtu atoke nje, hiyo kazi ya mdomo. Aggredi ni kumwendea mtu alipo, hiyo kazi ya miguu. Lugha za Ulaya zikarithi yote mawili, na Warusi nao wakayachukua, wana provokatsiya na wana agressiya, ukimwambia Mrusi moja hawezi kusikia nyingine. Kwetu wafasiri walipofika kwenye lile la miguu wakalibandika neno la kijiti. Siwalaumu sana, nadhani walitaka neno lenye harufu ya "huyu ndo kaanza", na uchokozi unayo hiyo harufu, ila ndo matokeo yake mzee anachukua hukumu aliyopewa mwenye miguu anampelekea mwenye kijiti na anaona kamaliza kesi.

Hiyo maana ya kisheria haikuokotwa barabarani pia. Desemba 14, 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 3314 kuifafanua, na pale wametaja kuvamia, kupiga mabomu, kufunga bandari za mwenzio, mpaka kumwachia mtu ardhi yako aitumie kumshambulia mwingine (Belarus, aliyewaachia Warusi ardhi yake waingilie Ukraine, hapo anajiona). Ibara ya 5 inasema hakuna sababu ya aina yoyote, iwe ya kisiasa, kiuchumi, kijeshi au nyinginezo, inayoweza kuuhalalisha uchokozi. Soma hiyo ibara kwa maana ya kijiti uone inavyokuwa kichekesho. Ndo maana azimio la Machi 2, 2022 lilipoita kile kilichofanyika uchokozi dhidi ya Ukraine, kura 141 zikakubali, 5 zikakataa na nchi 35 zikajizuia, Kenya na Rwanda zikiwa kwenye waliokubali, Tanzania, Uganda na Burundi kwenye waliojizuia, hakuna aliyekuwa anapigia kura swali la nani alimuudhi nani.

Na hilo swali la nani alimuudhi nani ni swali halali kabisa, sitaki mtu aseme nalikwepa. George Kennan, Mmarekani aliyewajua Warusi kuliko wengi, alionya toka 1997 kwamba kuipanua NATO ni kosa kubwa. Aprili 2008 kule Bucharest NATO wakatangaza Ukraine na Georgia zitakuja kuwa wanachama bila kusema lini, yaani umemtangazia jirani ndoa bila tarehe, akasirike mapema na wewe huna hata ulinzi wa kumpa bibi harusi. Profesa Mearsheimer wa Chicago anaitupia Magharibi lawama toka 2014. Upande wa pili nao wana yao: 1994 kule Budapest Urusi ilisaini kuheshimu mipaka ya Ukraine ili Ukraine iachane na nyuklia, 2014 ikachukua Crimea, na Julai 2021 Putin akaandika insha ndefu kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja, kitu ambacho hata NATO ikivunjwa kesho hakiondoki. Halafu Finland kaingia NATO Aprili 2023, mpaka wake na Urusi unazidi kilomita 1,300, na vifaru vya Urusi havikwenda. Bishaneni hapo mpaka kahawa ipoe.

Lakini wote huo ni ubishi wa kijiti. Wa miguu hauna ubishi, alfajiri ya Februari 24, 2022 jeshi la Urusi lilivuka mpaka. Na Putin, ambaye kasomea sheria, siku hiyo hakuishia kulalamika kwamba wamemchokoza, alitaja ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ile ya kujilinda. Kwanini? Kwasababu anajua fika kuchokozwa hakumo kwenye orodha ya ruhusa. Yeye mwenyewe hakulichanganya, tunalichanganya sisi kwa niaba yake.

Aliyekuwa balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, siku chache kabla ya hapo alionyesha inavyofanyika. Kwenye Baraza la Usalama alisema mipaka ya Afrika hatukuichora sisi na tungeifuata damu na kabila tungekuwa bado tunapigana, na hotuba hiyohiyo akawakemea wakubwa waliomo kwenye Baraza lenyewe kwa kuvunja sheria miaka nenda rudi. Mambo mawili, kila moja na sentensi yake.

Basi nikameza kashata nikamwambia, mzee wangu, Septemba 1972 watu wa Obote waliingia Uganda na bunduki wakitokea kwetu Tanzania, si ndiyo? Akasema ndiyo. Hicho kilikuwa zaidi ya kijiti. Sasa Amin alipochukua Kagera 1978, mchokozi alikuwa Nyerere? Akaniangalia kama nimemtukana. Akaagiza kikombe kingine, akakizungusha, mwisho akasema, "Haya, tuseme Urusi alichokozwa, halafu akavamia."

Hiyo naipokea mzee wangu. Hilo la kwanza tunaweza kulibishania kesho.