Kusafiri Nje ya Nchi Ukiwa na Stoma: Ogopa Joto Kuliko Ukaguzi

Mgonjwa mwenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili choo au mkojo utokee hapo na kuingia kwenye mfuko, akija kliniki kuaga kabla ya likizo, swali lake huwa lilelile: "Wakinisimamisha uwanja wa ndege, itakuwaje?" Ana haki ya kuuliza. Lakini sisi wauguzi wa stoma tunahofia zaidi kitu kingine: kupungukiwa maji na chumvi mwilini, hasa kwa mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba.

Kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Mwenye ileostomi hautumii tena, ndiyo maana choo chake hutoka kikiwa chepesi, kwa kawaida kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mpeleke kwenye jua kali, mpe chakula kilichomchafua tumbo, na kiasi hicho huongezeka haraka. Kikizidi lita moja na nusu kwa siku, mwili unapoteza kuliko unavyopata. Hapo ndipo wengi hukosea: kiu ikiwabana, hubugia maji matupu chupa baada ya chupa, na kiu haikatiki. Maji yasiyo na chumvi yakijaa kwenye utumbo mwembamba huvuta chumvi kutoka mwilini, kisha vyote viwili huishia mfukoni.

Kinachosaidia ni maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kwa hiyo beba pakiti kadhaa. Zikiisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Koroga, unywe kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu amuulize daktari wake kabla ya safari. Mkojo ukiwa haba na wa rangi nzito, kichwa kikizunguka unaposimama, au misuli ikikaza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda upesi vilevile ikiwa stoma haitoi kitu na tumbo linasokota, kwani huenda utumbo umeziba.

Loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, hupunguza kasi ya choo, lakini usiinywe kama una homa au unaona damu. Wanaotumia kodeini, dawa ya maumivu, kwa kazi hiyohiyo wachunguze sheria za wanakokwenda. Muungano wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, huidhibiti vikali na hutaka kibali mapema. Barua ya daktari pekee haitoshi kila mahali.

Joto huharibu vifaa pia. Gundi ya bamba (kipande kinachobandikwa kuzunguka stoma na kushika mfuko) hulainika, jasho huinyanyua kwenye ngozi, na bamba lililozoea kukaa siku 3 linaweza kubanduka siku ya 2. Basi beba angalau mara mbili ya mahitaji yako ya kawaida, na usiache akiba ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Vifaa vyote muhimu viwe kwenye begi la mkononi. Sanduku likipelekwa nchi nyingine kimakosa, utakosa nguo. Mifuko huwezi kuikosa hata kwa siku moja. Kata matundu ya mabamba yote ukiwa nyumbani. Ulaya, mkasi wenye makali yanayozidi sentimita 6 hauruhusiwi ndani ya ndege, na kubishana na mkaguzi kuhusu mkasi ni kujichosha bure. Badala ya dawa ya kupuliza ya kuondolea gundi, chukua vitambaa vyake vyenye unyevu.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mashine ya kukagua mwili inaweza kuonyesha kwamba una kitu tumboni. Mwambie mkaguzi mapema, kwa sauti ya chini, na ukitaka omba chumba cha faragha. Marekani unaweza kuombwa upapase mfuko wewe mwenyewe juu ya nguo, kisha viganja vyako vipanguswe kupimwa mabaki ya vilipuzi. Si jambo la dakika nyingi. Hupaswi kuombwa kuuvua mfuko wala kuuonyesha.

Ndani ya ndege, shinikizo la hewa huwa kama la mlima wa mita 2,000 hivi, kwa hiyo gesi hutanuka na mfuko huvimba kidogo. Wengi hudhani utapasuka, lakini huvimba tu. Umwage kabla ya kupanda, acha soda, uchague kiti cha karibu na choo. Chujio la mfuko hutoa gesi likiwa kavu tu. Mwenye urostomi, yaani stoma ya mkojo, katika safari ndefu aunganishe mfuko wa mguuni, na asijinyime maji eti kuepuka kwenda msalani: mkojo mzito hukaribisha maambukizi.

Bima ya safari itaje stoma na ugonjwa ulioisababisha. Ukificha, madai yako yanaweza kukataliwa, na matibabu ya ugenini ni ghali. Kama upasuaji ni wa karibuni, daktari aliyekupasua ndiye wa kukuruhusu kupanda ndege. Mizigo mizito abebe mwenzako, maana hernia (utumbo kuchomoza kupitia misuli) pembeni ya stoma ni rahisi kuipata katika miezi ya mwanzo.

Kuogelea? Ogelea. Maji hayaingii tumboni kupitia stoma. Umwage mfuko kwanza, ziba chujio kwa stika inayokuja ndani ya boksi, na ukitoka majini ubandue stika hiyo.