Nguva si nusu mtu, nusu samaki
Kila zinapozuka picha za "nguva aliyevuliwa", mwenye kifua cha mwanamke na mkia wa samaki, wengi huamini. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kuwepo. Mtu na samaki hawazai pamoja, na maungo yao hayaoani: samaki hupiga mkia kushoto na kulia, anapumua kwa matamvua, mtu hukunja mgongo mbele na nyuma, anapumua kwa mapafu.

Nguva wa kweli yupo. Ni mnyama, ndugu wa mbali wa tembo, mwenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaoweza kufika kilo 400. Hula majani ya baharini, huyang'oa na mizizi yake, halafu huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Jike huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha kwa chuchu mbili zilizo karibu na makwapa. Nadhani hapo ndipo mabaharia walipoanza kuona mwanamke.

Kinachoniuma ni kwamba tunasambaza picha za uongo huku nguva wenyewe wakinasa kwenye majarife, yaani nyavu kubwa za kuvulia samaki, na kufa kwa kukosa hewa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki wamebaki wachache mno: kundi kubwa kuliko yote liko visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, na Tanzania huonekana kwa nadra kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.