Mkungu mmoja, minada mitatu: imani na kampeni huku kwetu Kilimanjaro

Ibada ikimalizika katika sharika nyingi za Kilutheri za mkoa huu, washarika hawatawanyiki mara moja. Hutoka nje wakiimba, wakazunguka meza ambayo juu yake zimepangwa sadaka za mazao, yaani ndizi, mayai, maziwa ya mgando na pengine kuku aliyefungwa miguu, na mzee mmoja wa kanisa mwenye sauti kubwa na utani mwingi huanza kunadi. Fedha inayopatikana huingia katika hazina ya usharika. Kwa kawaida mkungu wa mshare, aina ya ndizi za kupika, hununuliwa kwa bei iliyo juu kidogo ya ile ya sokoni, na mnunuzi huenda nao nyumbani.

Mwaka 2020, majuma machache kabla ya kura za maoni ndani ya vyama, yaani mchujo wa kupata wagombea, nilishuhudia mkungu mmoja ukinunuliwa mara tatu na mtu yule yule. Mara ya kwanza alitoa laki moja, akasema anaurudisha mezani kwa Bwana. Uliponadiwa tena alitoa laki mbili, akaurudisha. Mara ya tatu alitoa laki tatu, kisha akaomba apewe mama mmoja mjane aliyekuwa amesimama nyuma karibu na kisima. Vigelegele vilipigwa. Yule bwana hakutaja chama, wala jimbo la uchaguzi, wala kura. Hata jina lake hakulitamka yeye. Lilitamkwa na mnadi, mara tatu, pamoja na kijiji alikozaliwa na jina la marehemu baba yake aliyewahi kuwa mwinjilisti.

Ninafundisha somo la siasa na jamii hapa Moshi, na kwa miaka mingi kazi yangu ya utafiti imekuwa kusikiliza namna wanasiasa wanavyoitumia dini wakati wa kutafuta madaraka. Nikiulizwa tatizo liko wapi, huwarudisha watu kwenye mkungu ule. Sheria zetu zimejengwa kuuchunga ulimi, ilhali kazi kubwa ambayo imani humfanyia mgombea hufanywa na mkono, tena kabla kipenga cha kampeni hakijapulizwa.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi huitaja bila kuisoma. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inaufanya uenezaji wa dini kuwa jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inazuia kuandikishwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya imani au kundi la dini. Chini ya Katiba, Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyotumika hadi ilipokuja sheria mpya ya 2024 ilisema kwamba kauli za mgombea zenye nia ya kutumia tofauti za kikabila, za rangi au za kidini zinaweza kuwa sababu ya kutengua ushindi wake. Angalia neno lililobeba uzito wote hapo: kauli. Ili mtu akamatike ni lazima awe amesema.

Majirani zetu wa Arusha wanajua jinsi mashauri ya maneno yanavyoweza kwenda mbali na kurudi. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini kwa sababu ya kauli za jukwaani dhidi ya mpinzani wake katika uchaguzi wa 2010. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilimrudishia kiti, ikieleza kwamba waliofungua shauri, ambao walikuwa wapigakura, hawakuwa na haki ya kulifungua kwa kuwa haki zao wenyewe hazikuwa zimekiukwa. Kwa miezi minane jimbo kubwa kama lile lilikaa bila mbunge kwa sababu ya maneno. Sijawahi kusikia kiti kikitikiswa na mkungu wa ndizi.

Ulimi, kwa kweli, tumeuchunga vizuri. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki asiyeficha imani yake, alitumia sehemu kubwa ya hotuba zake za 1995, ile ya Mei Mosi kule Mbeya ikiwamo, kuwaonya Watanzania juu ya udini na ukabila, na mfano wake wa dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu bado hutajwa hata na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Matokeo yake ni kwamba mgombea wa Tanzania akipanda jukwaani na kumshambulia mwenzake kwa dini yake, wazee wa chama chake mwenyewe ndio watakaokuwa wa kwanza kumvuta shati. Badala yake tumejenga adabu ya kuwataja wote. Sikiliza salamu za mkutano wa hadhara: "Bwana Yesu asifiwe!" wengine wanaitika "Amina", "Tumsifu Yesu Kristo!" wengine "Milele na milele, amina", "Asalaam aleikum!" na wengine tena wanaitikia, halafu huja "Shalom" kwa ajili ya ndugu zetu wa makanisa ya kiroho. Kabla ya salamu hizo, sheikh na mchungaji wameshaitwa kuomba dua na sala kwa zamu, na kamati ya maandalizi huhakikisha hakuna anayeomba kwa muda mrefu kuliko mwenzake. Mwaka 2021 Rais Samia alipoanza kusalimia kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na umma ukaitikia "Kazi iendelee", nilidhani msururu ule wa salamu ungekufa. Haukufa. Wagombea wengi waliifanya hiyo kuwa salamu ya kwanza tu, wakaendelea na nyingine zote.

Msururu huo una kazi mbili, na ya pili ndiyo inayonivutia. Ya kwanza ni heshima. Ya pili ni kipimo: mgombea mzoefu husikiliza ukubwa wa kila itikio akajua amesimama mbele ya nani. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania bara dini zao, kwa hiyo hakuna takwimu rasmi ya kata wala tarafa ambayo mwanasiasa anaweza kuifungua. Anayo masikio yake. Meneja mmoja wa kampeni aliniambia kwamba kijana wake mmoja husimama nyuma ya umati kwa kazi hiyo tu.

Huku mlimani, hata hivyo, mgombea anaweza kukisia kabla hajafika, kwa sababu ramani ya madhehebu ilichorwa na wamisionari zaidi ya karne moja iliyopita. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha wakajenga Kibosho. Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame 1893, wakaenda Mamba na Old Moshi. Kila misheni ilipata mangi wake, yaani mtawala wa Kichagga, shule zake na eneo lake, na mipaka ile bado inaonekana ukipita barabarani Jumapili asubuhi. Jambo ambalo watafiti kutoka mbali hulikosea ni kudhani kwamba dhehebu lina nguvu zaidi pale lilipo na waumini wengi. Rombo, ambako karibu kila jirani yako ni Mkatoliki, mgombea hapati chochote kwa kuonyesha rozari, maana mpinzani wake anayo pia. Dhehebu huwa na faida ya kisiasa pale linapotenganisha, na Moshi Vijijini ni mfano mzuri, kwani Kibosho na Uru zenye Wakatoliki wengi zimo katika jimbo moja na Old Moshi yenye Walutheri wengi.

Na hata huko, hakuna anayesema "mchagueni Mroma" wala "mchagueni Mlutheri". Neno linalotumika ni zamu. "Safari hii ni zamu ya kule juu." "Ninyi mmeshakula vipindi viwili." Zamu ni neno safi, la haki, la kugawana, na mwanasheria hawezi kulipeleka mahakamani, lakini kila anayelisikia anajua linataja tarafa gani na, kwa hiyo, mnara wa kanisa gani. Ngazi ya taifa nako kuna zamu isiyoandikwa popote: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia, Mkristo na Mwislamu wakipokezana, mabadiliko ya 2021 yakiwa yameletwa na kifo. Hakuna kifungu kinachoagiza hivyo. Ningesema, kwa maoni yangu, kwamba zamu hiyo imetusaidia zaidi kuliko ilivyotudhuru, ingawa najua wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Sasa turudi kwenye mkono. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila unaotolewa kwa nia njema. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta kwa kuwa ilikuwa kinyume cha Katiba, na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa macho yangu, takrima haikufa siku ile. Ilibadili mavazi ikaingia kanisani na msikitini kwa jina la harambee. Mtu anayewapikia wapigakura pilau anaweza kuulizwa maswali. Mtu anayewafuturisha majirani zake Ramadhani anatenda jambo jema, na nani atathubutu kumuuliza? Kalenda nayo humsaidia: mwaka 2015 Ramadhani iliisha katikati ya Julai, majuma machache kabla ya kura za maoni, na mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zote zilianza Machi, kwa hiyo mtia nia, yaani anayetaka kuteuliwa na chama kugombea, aliyekuwa na fedha angeweza kupeleka tende na sukari msikitini na saruji parokiani katika mwezi mmoja.

Mwanasiasa aliyeielewa harambee kuliko wote katika kanda hii alikuwa marehemu Edward Lowassa wa Monduli. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2015 alizunguka nchi akiwa mgeni rasmi katika harambee za makanisa na misikiti pia, na kila moja ilimwachia marafiki ambao hakuna chama kingeweza kuwanunua. Kisha, Septemba 2015, akiwa mgombea urais, aliwaambia waumini katika kanisa la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mjini Tabora wamwombee, akagusia kwamba nchi haijapata kuwa na Rais Mlutheri. Miaka ya harambee haikumletea lawama kubwa; sentensi chache za Tabora zilimletea malalamiko nchi nzima. Hapo unaiona vizuri tofauti ya mkono na ulimi. John Magufuli, aliyemshinda mwaka ule, alikuja kuutumia mkono kwa ustadi wa aina nyingine: Agosti 2020, uchaguzi ukikaribia, aliendesha mchango ndani ya kanisa Katoliki la Chamwino ili kujenga msikiti. Mkatoliki akikusanya fedha za Wakatoliki kwa ajili ya Waislamu, nani angemshtaki kwa udini?

Ukivuka Holili kuingia Kenya utakuta wamechoka kabla yetu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena katika ibada za kanisa lake, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais Ruto alikuwa ameichangia parokia moja. Huwa naulizwa kwa nini maaskofu wetu hawafanyi vivyo hivyo. Jibu langu ni la kihasibu: aliyetoa uamuzi ule ni askofu, lakini anayeishi chini ya paa linalovuja ni usharika, na kwetu usharika hujenga kwa michango yake wenyewe, bati kwa bati.

Mimi mwenyewe sina mikono misafi katika jambo hili. Mwaka 2015 nilikuwa katika kamati ya ujenzi ya usharika wetu, na nilinyosha mkono kukubali mtia nia mmoja awe mgeni rasmi. Niliwaambia wajumbe kwamba ni msharika mwenzetu, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa tulikuwa hatujamwona kwa miaka 4. Aliahidi mabati 200. Tulipiga makofi, kwaya ikaimba, jina lake likaandikwa katika daftari la ahadi. Kura za maoni zikamwangusha, na mabati hayakuja. Mchungaji alipendekeza aandikiwe barua ya kumkumbusha, mzee mmoja akauliza barua hiyo itaeleza deni hilo ni la nini, na sote tukakaa kimya. Kuta zilinyeshewa masika mawili.

Alirudi mapema mwaka 2025, akiwa na shati jipya la kitenge na wapambe wawili, akaomba kuonana na kamati baada ya ibada. Mtunza hazina wetu ni mama mstaafu asiyependa makelele. Hakumjibu salamu yake ya pili. Alifungua daftari la zamani kwenye ukurasa wa 2015, akaliweka mezani mbele yake, kisha akaenda kumletea chai. Mgeni alisoma, akacheka kidogo, akampigia mtu simu, na kabla ya jioni mabati 60 yalikuwa yameshushwa uani. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, jina lake lilisomwa pamoja na shukrani za usharika, na waumini wakapiga makofi.